Mashine ya Kuona Ndani ya Watu

Mume wangu alipigwa picha ya kifua asubuhi moja, na baada ya siku chache akaacha kunigusa. Nikiwasimulia wajukuu zangu wanacheka, wanadhani nazungumzia watu wajinga. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na sababu za kutoamini, na nyingine sijaziacha mpaka leo.

Tuliishi kwenye mgodi mmoja mdogo upande wa Geita. Mashimo yake yalishafukiwa zamani na sasa watu wanalima mihogo juu yake. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, mwaka ambao picha ya mfalme iliondolewa ukutani pale ofisini ikatundikwa ya malkia. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa vijijini karibu na Shinyanga, kwenye nyumba ya ng'ombe na pamba, na nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, ndiyo maana naweza kuandika haya kwa mkono wangu. Mume wangu alikuwa Msumbwa wa Ushetu. Kazi yake ilikuwa kushika mashine ya kutobolea mwamba kule chini, kabla ya baruti kuwekwa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mabega ambayo wanawake wa kambini waliyasifia mbele yangu bila aibu. Tulikuwa kwenye mwaka wa pili wa ndoa na mtoto hajaonekana, na hilo ndilo lililomleta mama yake kutoka Ushetu. Alisema amekuja kumsalimia mwanawe. Alikuja kunitazama mimi.

Kabla hata mashine haijafika, miili ya wanaume pale mgodini haikuwa yao. Kila walipopanda kutoka shimoni waliingizwa kwenye banda la mabati, wakavua nguo zote. Askari aliwaambia wafungue mdomo na kuinua ulimi, akawapitishia kitana kichwani, kisha wakaruka kamba miguu ikiwa imepanuliwa, ili kama kuna chembe ya dhahabu imefichwa mahali idondoke. Waliruka baba na mwana, waliruka watu na wakwe zao. Siku moja mume wangu alipangwa mstari mmoja na mjomba wangu, aliyemfanyia mpango wa kunioa. Walitazamana uchi. Tangu siku hiyo mjomba hakukanyaga tena nyumbani kwetu, na mume wangu hakutaka nimuulize kwa nini.

Kwa hiyo mashine ilipoletwa kwa lori, ndani ya makasha ya mbao, pamoja na jenereta yake, hakuna aliyehitaji kuelezwa ni ya nini. Nyapara alipita nyumba kwa nyumba akisema ni ya kutazama vifua, kampuni inataka kujua afya za watu wake. Watu walimsikiliza kwa heshima, akaondoka. Jirani yetu, mzee aliyekuwa akisukuma vitoroli vya mawe, alisema, "Wametunyima viatu miaka yote hii. Leo wanataka mapafu yetu. Ile ni ya kuona tumboni, nani amemeza."

Bombani wanawake walikuwa na habari zao. Mmoja, mke wa mpishi wa wazungu, alisema mashine ile ina moto usioonekana, unapita kwenye nyama kama jua linavyopita kwenye kitambaa chepesi, na mbegu za mwanamume haziwezi kuuvumilia. Alikuwa amesikia hayo kutoka kwa mwanamke wa mgodi mwingine. "Mume anarudi anakula, anaoga, analala," alisema. "Basi. Umelala na gogo." Mwingine alisema picha ni kisingizio, kinachotakiwa ni damu, na kwamba mumiani wa siku hizi hawatembei na visu, wanatembea na sindano na makoti meupe. Masista walikuwa wamenifundisha kwamba habari za mumiani ni upuuzi. Nilicheka pale bombani. Lakini nilipobeba ndoo yangu kurudi, nilipita njia ndefu ili nisipite mbele ya hospitali ya mgodi, walikoiweka mashine ile.

Zamu ya mume wangu ilifika. Alirudi akinuka dawa, akaketi kwenye kigoda nje. Nilimwuliza wamemfanya nini.

"Wamenisimamisha kifua wazi kwenye ubao wa baridi. Wakaniambia nivute pumzi niishike."

"Halafu?"

"Halafu nikaiachia."

Baada ya siku chache aliitwa tena peke yake, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Alitandika mkeka wake upande wa pili wa chumba, karibu na mlango. Nilidhani amechoka. Wiki ilipita, ikaja nyingine. Nikimsogelea alijikunja kama mtu aliyeguswa kidonda, akasema, "Niache, mke wangu, nina usingizi." Halafu akatafuta kikombe chake cha bati, akawa anakitumia yeye tu, na akimaliza anakiosha mwenyewe kwa maji ya moto. Mwanamume wa Kisumbwa kuosha kikombe, mke wake na mama yake wakiwa wameketi hapohapo. Akaacha kula kwenye sahani moja nami. Nikionja mboga kwa kijiko chake alikinyakua mkononi mwangu.

Naomba anayesoma ajiweke mahali pangu. Katika nchi yetu mtu anayeficha kikombe, anayekataa chakula cha mkono wako na anayelala mbali nawe, ni mtu anayeamini kwamba unamroga. Hakuna maana nyingine. Niliyajua hayo tangu utotoni. Nimewahi kuona mwanamke akifukuzwa kwa dalili chache kuliko hizo, na mwingine, kijiji cha jirani na kwetu, hakubahatika kufukuzwa tu.

Kwanza nilidhani ana mwanamke mwingine, na huyo mwanamke ndiye anayemjaza maneno. Nilinusa mashati yake. Nilimfuata siku moja mpaka kwenye kilabu cha pombe, nikamkuta ameketi peke yake mwisho wa benchi, ameegemea ukuta, akikohoa kwenye kitambaa. Hakuonekana kama mtu mwenye mpenzi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kubwa zaidi, maana kama si mwanamke, basi ni mimi.

Mama mkwe aliona yote niliyoona. Alianza kuja jikoni nikipika, akakaa kwenye jiwe karibu na mlango, macho kwenye mikono yangu. Nikitia chumvi aliangalia. Nikikoroga ugali aliangalia. Siku moja nilimwambia, "Mama, kama unataka kupika wewe, karibu." Akajibu kwa upole, "Endelea tu, mwanangu. Mimi najifunza."

Hatimaye alitupeleka kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli kwa kuku. Wasukuma na Wasumbwa tunajua utaratibu wake: mwenye shida anamtemea kifaranga mate mdomoni, kisha mfumu anampasua na kusoma nyama na mifupa yake. Mume wangu alikubali kwenda kwa sababu hakuweza kumkatalia mama yake. Lakini kifaranga alipoletwa mbele yake, alikataa kutema mate.

"Tema, baba," mfumu alimwambia.

"Mate yangu hayafai."

"Nani kasema hayafai?"

Aligeuza uso. Mama mkwe alinitazama mimi, si yeye. Mwishowe akatema mate yake mwenyewe, kwa niaba ya mwanawe. Mfumu alimpasua kifaranga kifuani kwa kisu kidogo, akafungua mbavu kwa vidole gumba, akainamia pale kwa muda mrefu. Alisema, "Ndani ya nyumba kuna mtu aliyefungwa. Aliyemfunga anakula naye."

Nilisema, "Lakini mume wangu hali tena nami."

Mama mkwe akasema, "Ndiyo maana ameacha."

Mume wangu alisikia maneno hayo. Alifungua mdomo, nikajua anataka kunitetea, halafu kikohozi kikamshika, na kilipoisha tulikuwa tumeshasimama. Njia nzima ya kurudi mama mkwe alitembea mbele, mume wangu nyuma kabisa, nami katikati kama mfungwa.

Kesho yake mama mkwe alisema atatuma mtu kwa baba yangu. Sikulia. Nilijifunga khanga, nikaenda hospitali ya mgodi peke yangu, kwa njia fupi safari hii.

Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa kijana wa pwani, mtanashati, Kiswahili chake laini mpaka sisi wa bara tuliona aibu kufungua mdomo mbele yake. Kila anachosema daktari, yeye ndiye aliyewafasiria wagonjwa. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni mke wa fulani, nataka kujua walimfanya nini mume wangu.

"Hizo ni habari za mgonjwa, dada. Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Hasemi."

"Basi labda hataki."

"Mmemhasi?"

Alikuwa anaviringisha bandeji mezani. Alisimama, bandeji ikamfunguka. Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Nani amekwambia maneno hayo?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Amekuja kwenu mwanamume, amerudi kwangu si mwanamume. Na mama yake anasema ni mimi. Kama ni ninyi, semeni ni ninyi, nimwambie mama yake."

Dresa aliingia chumba cha ndani. Nilisikia Kiingereza, sauti ya chini, kisha ya juu kidogo. Daktari akatoka. Alikuwa mzungu wa makamo, mwenye macho mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kumwamrisha mpishi. Alinitazama, akarudi ndani, akaja na karatasi nyeusi inayong'aa, akaishika dirishani penye mwanga.

"Hii mume yako," alisema.

Sijui kama naweza kueleza vizuri. Niliona mbavu. Niliona mabega niliyoyajua, lakini bila nyama, kama kitu kilichofukuliwa. Niliweka mkono mdomoni. Nilihisi nimemwona akiwa uchi kuliko alivyowahi kuwa kwangu, na kwamba wanaume hawa wawili walikuwa wamemwona hivyo kabla yangu. Daktari aliweka kidole juu, chini ya mfupa wa bega, penye wingu jeupe.

"Hii mbaya. Hii kifua kikuu. Yeye kohoa, wewe nashika. Mimi nasema yeye: kikombe yake, kitanda yake. Hapana lala na bibi."

Niliona aibu, nikaona nafuu, nikaona hasira, vyote pamoja. Nikamgeukia dresa. "Wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia kifua chake si kizuri. Nikamwambia asimkaribie mkewe mpaka tutakapomwambia."

"Ulimtajia ugonjwa?"

Alirudi kuviringisha bandeji yake. "Neno lile linawatisha watu," alisema. "Wakilisikia wanatoroka."

Labda alisema kweli. Lakini mzee yule wa vitoroli aliniambia baadaye kwamba kwenye migodi mingi mtu anayeugua kifua kwa vumbi la mawe anatakiwa atunzwe na kulipwa na kampuni, na kwamba ugonjwa usiotajwa haudaiwi na mtu. Siku ile nilipomuuliza daktari kama ni vumbi la kule chini, alisema hapana, ugonjwa huu unatoka nyumbani, kwenye nyumba zenye moshi na watu wengi. Mume wangu alikulia nyumba yenye moshi, ni kweli. Alikula vumbi pia, kila siku, mpaka makohozi yake yalikuwa ya kijivu. Nani wa kuniambia lipi lilianza?

Nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba akimenya karanga. Ilikuwa mchana, mama yake amekwenda kutafuta kuni. Niliketi mbele yake, nikachukua fungu la karanga nikaanza kumenya.

"Nimekwenda kwa daktari," nilimwambia. "Nimeona mifupa yako."

Aliendelea kumenya. Baadaye akasema, "Basi umejua kwamba wameniharibu."

"Wamekuharibu vipi?"

"Alisema nisikukaribie. Nikajua ule moto wao umeniingia. Nilidhani nikikugusa utaingia kwako, uunguze kizazi. Kikombe pia, alisema mate yanapeleka." Alitazama mikono yake. "Na kweli nilipojijaribu, mwili haukunisikia. Nikasema basi, imekwisha. Bora uniite mbaya kuliko nikuulie tumbo."

"Na mama yako akiniita mchawi?"

"Nilitaka kusema kwa mfumu. Ningesema nini? Kwamba mimi si mwanamume tena, mbele ya mama yangu?"

Nilimweleza alichosema daktari, neno kwa neno, pamoja na jina la ugonjwa. Nilimwambia mwili wake haukumsikia kwa sababu ya hofu, na homa, na kutokula. Hakuniamini. Aliona nimepewa maneno ya kumtuliza. Niliporudia kutaja kifua kikuu ndipo alipoanza kuniangalia, maana alikuwa na kaka aliyekufa kwa kukohoa damu, na ugonjwa huo aliujua. Ajabu yake ni kwamba alifarijika. Ugonjwa uliomuua kaka yake ulikuwa na sura. Moto wa mashine haukuwa na sura.

Mama mkwe alisikiliza habari zote akiwa amesimama na mzigo wa kuni kichwani. Alipoutua alisema, "Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, nani alianza? Wewe upigwe picha pia, kabla hujampikia tena."

Nilikubali. Siku ya kwenda alinifuata. Dresa aliniambia nivue nguo mpaka kiunoni, na kila kitu cha shingoni. Nilikuwa na hirizi ambayo mama yangu alinivisha nilipoolewa. Nilisita. Dresa alinyoosha mkono kuichukua, na mama mkwe akaingia katikati. "Nipe mimi," alisema. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Kisha akasimama mlangoni, mgongo kwa watu waliokuwa nje, uso kwangu, na dresa alipomwambia atoke alijibu, "Sitoki. Nitaona mnachomfanya." Mwanamke aliyekuwa akitaka kunirudisha kwetu kama mchawi alisimama pale kunilinda, na nadhani mambo hayo mawili hayakugombana moyoni mwake hata kidogo.

Ubao ulikuwa wa baridi kweli. Kulikuwa na mlio, kisha kimya. Sikusikia moto wowote. Nilijisikiliza siku nyingi baadaye, tumboni na kiunoni, kama nimepungukiwa kitu.

Picha yangu ilikuwa safi. Mama mkwe aliitazama dirishani, akauliza, "Tumboni mbona hapaonekani?"

"Hii ni ya kifua tu, mama," dresa alisema.

"Kwa hiyo ya tumboni ipo."

Nami nikapata nafasi ya kuuliza nililotaka kuuliza muda wote. "Mashine hii inaona dhahabu?"

Alikunja karatasi zake kwanza. "Inaona chuma chochote," alisema.

Wiki hiyohiyo wachimbaji wawili walifukuzwa kazi kwa wizi. Mmoja alikuwa amepigwa picha, mwingine hakupigwa. Kila mtu kambini alichagua wa kumzungumzia kulingana na alichoamini.

Mume wangu aliandikiwa kwenda hospitali ya mjini, safari ya siku nzima kwenye lori la pamba, na kazi yake ikaishia hapo. Alidungwa sindano kwa miezi mingi, na dawa hiyo ilimwachia mlio sikioni ambao haukuondoka. Mama yake alikwenda kumtunza, akiamini bado kwamba sindano zile zinachukua zaidi kuliko zinavyotia. Alikuwa akizihesabu chupa, akazinusa. Lakini alimshika mwanawe mkono kila alipodungwa, na hata alipoona amenenepa usoni aliendelea kunusa.

Tulirudi Ushetu, tukalima tumbaku. Daktari wa mjini alisema amepona na anaweza kulala na mke wake. Aliyasema hayo mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri, nami nikiwepo. Hata hivyo ilipita zaidi ya mwezi kabla mume wangu hajahamisha mkeka wake kutoka mlangoni. Nilimwacha. Nilijua mtu aliyeambiwa kwamba mwili wake ni hatari hawezi kuupenda tena kwa kuamrishwa tu. Siku alipokuja upande wangu aliniuliza kama siogopi. Nilimwambia naogopa kidogo. Nadhani jibu hilo lilimsaidia, maana alikuwa amechoka kuongopewa.

Msimu wa mavuno nilipata mimba. Mtoto alizaliwa nyumbani, msichana, mwenye sauti kali. Mama mkwe alimtoa nje kwenye jua, akamlaza mapajani. Alimkagua vidole vya mikono na vya miguu, akampapasa mbavu moja moja, akatazama mdomoni, akamgeuza akatazama mgongo, akitafuta mahali palipoungua. Mume wangu na mimi tulimngoja.

"Yuko sawa, mama?" mume wangu aliuliza.

Alimfunika mtoto khanga, akampakata vizuri.

"Kwa leo yuko sawa," alisema. "Tutaona akikua."